Piper Cherokee au Cessna 172 kwa kukaa Tanga? Nataka nielewe habari ya mafuta kwanza

mtoto_wa_chumbageni
Wadau habari za jioni. Tuko watatu tunataka kuchanga tununue ndege moja ya viti vinne ikae hapa Tanga. Tumepata mbili, Piper Cherokee ya bawa la chini na Cessna 172, bei zinakaribiana. Mimi roho yangu iko kwenye Piper ila mwenzetu mmoja anasema bawa la chini lina usumbufu wa mafuta, mara ubadilishe tanki mara uwashe pampu. Naomba ulinganisho, Ijumaa tunatakiwa kutoa advansi.

fundi_pongwe
Mkuu mbona hujasema kitu. Cherokee ipi, 140 au 180? Ya mwaka gani? Imekaa chini muda gani bila kuruka? Na avgas, petroli ya ndege, mtaitoa wapi?

sahare_kwetu
Wakati anatafuta majibu ngoja nieleze. Bodaboda tanki liko juu ya kabureta, ukifungua koki mafuta yanashuka yenyewe, ndo Cessna hiyo, matanki yako kwenye bawa la juu. Sasa njoo kwenye boti ya mashine, tanki liko chini sakafuni mashine iko juu nyuma, lazima ubinye ile pampu ya mpira mpaka iwe ngumu ndo uvute kamba, na hosi ikilegea kidogo huoni petroli ikidondoka hata tone, mashine inavuta hewa inakohoa inazima. Piper ndo hiyo. Ndo maana ina pampu ya injini na ya umeme ya akiba, na selekta yake, ile koki ya kuchagua tanki, ni kushoto, kulia na kufunga, hamna sehemu ya kufungulia yote mawili. Ukiyaunganisha matanki mawili kwenye pampu inayovuta, moja likikauka pampu itanyonya hewa ya lile tupu, na hilo jingine hata liwe limejaa halikusaidii.

kaskazi
Nunua 172 mlale usingizi. Selekta inakaa kwenye yote mawili kuanzia unapaa mpaka unatua.

fundi_pongwe
Tusidanganyane, 172 nayo matanki hayashuki sawasawa, nimeona upande mmoja umebaki nusu na mwingine karibu unaisha. Na kuchungulia mafuta unapanda juu, wengi wanaona uvivu wanaamini geji. Cherokee unasimama pembeni, unafungua mfuniko, unaona kwa macho yako.

bi_raskazone
Mimi nimerusha Cherokee miaka mitatu na naipenda, lakini nisikilizeni. Ilikuwa imetoka kwenye matengenezo, sitaji gereji, nikapaa na tanki la kushoto kama kawaida kwenda Pemba na shemeji yangu. Chini nilijaribu injini ikaitika vizuri, ila nilijaribu kwa tanki la kushoto peke yake, hilo ndo kosa langu. Tuko katikati ya mkondo wa Pemba futi 4,500, wakati wa kubadili tanki umefika, nikawasha pampu ya umeme nikageuza selekta kulia. Selekta iko ukutani karibu na goti la kushoto, yaani mkono bado uko pale naona mshale wa presha ya mafuta unatetemeka, kisha ukalala. Injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Nikarudisha kushoto palepale, pampu inanguruma, na zile sekunde za kungoja mafuta yafike jamani zilikuwa ndefu, shemeji ananiuliza kuna nini nashindwa kumjibu, chini ni maji matupu. Ikashika. Nikageuza kurudi Tanga na sikuigusa ile selekta mpaka chini. Fundi mwingine alipofungua akakuta nati ya paipu ya kulia inapoingia kwenye selekta haijakazwa. Avgas ni ya buluu, ikivuja inaacha alama, pale hapakuwa na alama hata kidogo kwa sababu tanki lilikuwa nusu na nati iko juu ya usawa wa mafuta, hewa ilikuwa inaingia, mafuta hayatoki. Na pampu ya umeme haikusaidia, kwenye Cherokee pampu zote mbili ziko mbele kule kwenye injini, zote zinavuta kupitia nati ileile.

sahare_kwetu
Pole sana dada. Ndo hosi ya boti hiyo.

bi_raskazone
Toka siku hiyo najaribu matanki yote mawili chini, kila moja dakika kadhaa, kabla sijaingia ranwei.

dereva_ngamiani
Avgas ikikosekana si mnatia petroli ya sheli tu? Najua ndege za injini ya Rotax 912 zinatumia.

fundi_pongwe
Rotax imeruhusiwa na waliotengeneza. Cherokee usithubutu bila kibali. Petroli ya gari inageuka mvuke upesi kuliko avgas, paipu imepita kwenye joto la injini, pampu inavuta, presha ndani inashuka, inachemka humohumo. Mwezi wa pili hapa Tanga ndege imesimama juani, unataka kujaribu hilo?

dereva_ngamiani
Nimeuliza tu mkuu, ila gari yangu nayo pampu inavuta na haijawahi kuzima.

fundi_pongwe
Gari nyingi za sasa pampu imezama ndani ya tanki, inasukuma. Kusukuma na kuvuta ni vitu viwili.

mtoto_wa_chumbageni
Samahanini nilikuwa kazini. Cherokee ni 180 ya 1967, 172 ni toleo la M, ya 1975. Cherokee imelala nje miezi minane, muuzaji anasema inawaka.

kaskazi
Miezi minane nje na hii hewa ya chumvi? Sahau mafuta, angalia kutu kwenye mabawa.

bi_raskazone
Mafuta asiyasahau. Raba za mifuniko zinakauka, mvua inaingia. Uchuje mafuta ya kila tundu chini ya bawa kwenye kikombe cheupe, maji yanakaa chini kama ushanga, buluu inaelea juu. Mkuu ahirisha Ijumaa.

mtoto_wa_chumbageni
Muuzaji anasema kuna mtu mwingine anaitaka. Jumamosi asubuhi naweza kwenda kuiona, fundi unaweza kuja?

fundi_pongwe
Naja. Mwambie asiiwashe wala kuisogeza kabla sijachuja mafuta.