Ukurasa uko sawa kwenye laptop, ukiwa hewani picha na rangi vinatoweka

kodi_mpya

Wakuu, habari. Niko wiki ya tatu na HTML na CSS, laptop ni ya Windows. Zoezi ni ukurasa mmoja wa duka la viatu: index.html, style.css na folda yenye picha tatu. Nikibofya index.html hapa hapa kwenye laptop, kila kitu kinakaa. Nikiupandisha kwenye hosting ya bure, yanabaki maandishi meusi kwenye weupe, picha hakuna hata moja, na kwenye simu herufi ni ndogo kama za karatasi ya dawa. Mistari ninayoishuku:

`<link rel="stylesheet" href="file:///C:/Users/mimi/Desktop/duka/style.css">`
`<img src="picha/kiatu1.jpg">`

Kosa liko wapi? Na niendelee hivi hivi au niruke moja kwa moja kwenye React?

fundi_kurasa

Karibu mkuu. Hosting haihusiki. Hapo kuna makosa matatu, kila moja na dawa yake.

Rangi kwanza. Anwani inayoanza na file:///C:/ inaelekeza kwenye diski ya laptop yako. Ukurasa ukishatoka kwenye seva, kivinjari kinakataa kugusa diski ya mtu, hata ukiufungua kwa laptop hiyo hiyo. Kwa kuwa style.css inakaa folda moja na index.html, andika tu:

`<link rel="stylesheet" href="style.css">`

Picha: tazama majina yenyewe kwenye folda. Nakisia ni Kiatu1.JPG, maana kamera nyingi huandika JPG kwa herufi kubwa. Windows haibagui herufi kubwa na ndogo. Seva nyingi hutumia mfumo wa Linux, na kwake Kiatu1.JPG na kiatu1.jpg ni mafaili mawili. Majina yote yawe herufi ndogo, bila nafasi. Pa kutenganisha weka kistari.

Simu: naona huna mstari huu ndani ya head:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Bila huo, simu nyingi huchora ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, kisha huubana uenee. Ndiyo hiyo karatasi ya dawa.

Na usibahatishe tena. Bonyeza F12, nenda Network, halafu Ctrl+F5 ili kivinjari kisikuletee nakala ya zamani. Mstari mwekundu wenye 404 (faili halikupatikana) ubofye, usome anwani kamili iliyoombwa, herufi kwa herufi.

mstari_kwa_mstari

Naongezea kwa fundi. Kama hosting yenyewe ni GitHub Pages, usianze njia ya faili na mkwaju (/). Ukurasa wa mradi hukaa jina.github.io/duka/, kwa hiyo ukiandika /style.css itatafutwa jina.github.io/style.css, ambako hakuna kitu. Tena, ukibadilisha herufi kubwa kuwa ndogo kwenye Windows, Git (programu inayofuatilia mabadiliko ya mafaili na kuyapeleka GitHub) mara nyingi haioni badiliko lolote. Iambie waziwazi:

`git mv picha/Kiatu1.JPG picha/kiatu1.jpg`

Kingine ni uzito. Picha ya simu inaweza kuwa na MB 3 hadi 5, na hilo ni bando la mteja. Punguza upana ufike pikseli 1,200, uhifadhi JPEG kwa ubora wa 80 hivi. Nyingi zitashuka chini ya KB 300. Kuandika width="300" kwenye img hakupunguzi hata baiti moja, picha nzima bado inapakuliwa.

nukta_mkato

React isubiri. Ni maktaba ya JavaScript, lugha inayofanya ukurasa uitikie mtumiaji, na ukiingia huijui hutajua kosa ni la React au la lugha yenyewe. Anza na kitufe kimoja cha kufungua na kufunga menyu. Utakutana na "Cannot read properties of null": kivinjari husoma faili kutoka juu kwenda chini, na script yako (faili la JavaScript) imekimbia kabla kitufe hakijakuwepo. Weka defer, script isubiri ukurasa usomwe wote:

`<script src="menyu.js" defer></script>`

Ikigoma bado, linganisha id ya kwenye HTML na ile uliyoiita kwenye script.

Kabla ya hapo elewa boksi la CSS. Width (upana) 300px, padding (nafasi ya ndani) 20px kila upande na border (mpaka) 1px hutoa boksi la pikseli 342. Ndiyo maana safu ya tatu ya viatu huwa inaangukia chini. Ukiweka box-sizing: border-box, 300 inabaki 300.

kodi_mpya

Rangi zimerudi, simu iko sawa, picha mbili zimetokea. Hizo mbili nilitumia git mv. Ya tatu nilibofya kulia nikaibadilisha jina kuwa kiatu3.jpg, nayo bado ni 404.

fundi_kurasa

Windows imekuficha kiendelezi, ile sehemu ya jina baada ya nukta. Ulidhani unaandika jina zima, kumbe .JPG ya mwisho ilikuwepo haionekani, na sasa faili linaitwa kiatu3.jpg.JPG. Kwenye File Explorer fungua View, weka tiki kwenye File name extensions (Windows 11 iko ndani ya Show), utaliona. Kisha:

`git mv picha/kiatu3.jpg.JPG picha/kiatu3.jpg`

Fanya commit (rekodi badiliko), push (lipeleke GitHub), subiri dakika moja au mbili, halafu Ctrl+F5.