Tupeane uzoefu: betri kubwa ya gari la haibridi inapochoka

Dereva Mstaafu (mwanzilishi wa mada)

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu betri kubwa ya magari ya haibridi (yanayotumia injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme) yaliyozeeka, yaani ile inayoendesha mota ya umeme, si ile ndogo ya volti 12. Magari mengi ya aina hii yanayouzwa yakiwa yametumika bado yana betri iliyotoka nayo kiwandani, na mnunuzi huelezwa kila kitu kuhusu injini, rangi na matairi, lakini hakuna anayemwambia lolote kuhusu umri wa betri hadi siku taa zinapowaka kwenye dashibodi. Kila anayechangia aeleze dalili alizoziona, vipimo vilivyofanyika na uamuzi alioufikia, ili anayesoma aweze kulinganisha na hali ya gari lake.

Nianze na langu. Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye kipimo cha chaji: nikiteremka mlima betri ilionyesha kujaa upesi kuliko kawaida, na nikianza kupanda kilima kidogo tu ilionyesha kuisha. Baadaye injini ikawa haizimiki hata gari likisimama, mafuta yakaanza kwenda kwa kasi, na feni iliyo nyuma ya kiti ikawa inavuma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Taa ya onyo ya pembetatu nyekundu ilipowaka, gari lilipimwa kwa kompyuta likatoa msimbo P0A80, ambao maana yake ni kwamba betri ya haibridi imechoka na inahitaji kubadilishwa.

Hapo fundi alitaka tuagize betri nzima siku hiyo hiyo. Niliomba kwanza anionyeshe volti za kila sehemu ya betri gari likiwa barabarani linavuta, kwa sababu betri ikiwa imetulia hata moduli mbovu (moduli ni kipande kimoja kati ya vile vinavyounda betri) huonyesha volti nzuri. Kwa wasiofahamu, chukueni mfano wa Toyota Prius ya kizazi cha pili: betri yake ina moduli 28, kila moja ina seli sita na volti 7.2, na zikiunganishwa kwa mfuatano hufikisha volti 201.6. Kompyuta ya gari huzisoma mbili mbili, hivyo fundi hupata namba 14 za kulinganisha. Kwenye gari langu jozi mbili zilikuwa zinaporomoka kila nilipokanyaga mafuta, na nyingine kadhaa zilikuwa njiani kuzifuata. Kwa kuwa nasafiri umbali mrefu kila siku, niliamua kununua betri mpya kabisa. Ilikuwa gharama kubwa, na sijutii.

Mama Safari

Shikamoo mzee, na asante kwa mada. Mimi naomba niongelee feni, kwa sababu kwenye gari langu kisa kizima kilikuwa hapo.

Betri hizi nyingi hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, na tundu la kuvutia hewa hiyo mara nyingi liko ubavuni mwa kiti cha nyuma au chini yake. Sisi wenye watoto tunajua kinachowekwa hapo: mablanketi, mabegi, maganda, kila kitu. Taa ziliwaka siku ya joto kali, nikaambiwa betri imekufa. Fundi mwingine alipoufungua mfumo wa hewa alikuta mabawa ya feni yamefunikwa na tabaka la vumbi na nywele kiasi kwamba hewa ilikuwa haipiti. Msimbo uliosomwa ulihusu upozaji wa betri, lakini fundi wa kwanza aliona neno betri akaishia hapo. Feni ilisafishwa, chujio lake likabadilishwa, na taa hazijarudi tena.

Sidai kwamba kusafisha feni hufufua betri iliyokwisha kuharibika. Ninachosema ni kwamba mtu asikubali kuuziwa betri kabla tundu hilo halijafunguliwa mbele ya macho yake. Vilevile nimejifunza kwamba kiyoyozi kwenye joto kali si anasa kwa gari la namna hii, maana hewa inayompoza abiria ndiyo hiyo hiyo inayoipoza betri.

Fundi wa Volti

Nashughulika na betri hizi kila wiki, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: je, inatosha kubadilisha moduli moja iliyokufa?

Jibu linategemea unachotaka kutoka kwa gari hilo. Moduli zimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo mkondo ule ule hupita katika zote. Yenye uwezo mdogo hujaa kabla ya wenzake na huisha kabla yao, na zinapoendelea kuvuta wakati yenyewe imekwisha, seli zake husukumwa hadi volti zikageuka upande, jambo linaloziharibu upesi. Ukiweka moduli moja ngeni katikati ya nyingine zilizozeeka pamoja kwa miaka mingi, tofauti ya uwezo inabaki palepale, sema sasa mnyonge ni mwingine. Ndiyo maana mteja hurudi baada ya miezi kadhaa akilalamika kwamba alitapeliwa, ilhali moduli aliyowekewa ni nzima na iliyokufa safari hii ni jirani yake.

Kazi ikifanywa kwa uangalifu inaweza kudumu zaidi ya hapo. Kila moduli hupimwa peke yake kwa kuiwekea mzigo, kwa mfano balbu ya taa ya mbele, na kuangalia volti zinashuka kiasi gani ndani ya dakika chache. Kisha zote huchajiwa na kushushwa mara kadhaa polepole, kwa sababu gari lenyewe halizijazi wala kuzimaliza kabisa: Prius, kwa mfano, huiweka betri takriban kati ya asilimia 40 na 80. Mwisho hupangwa zile zenye uwezo unaokaribiana. Kazi hii huchukua siku kadhaa, na anayekuahidi kuimaliza kwa saa mbili anabadilisha moduli moja na kufuta msimbo, basi.

Msisahau pia vipande vya shaba vinavyounganisha moduli. Vikiota kutu ya kijani, kompyuta husoma volti za uongo na huweza kuihukumu betri nzima. Nimeona betri zilizookolewa kwa kusafisha shaba hizo na kukaza nati upya kwa spana ya kipimo. Nati zenyewe ni ndogo, kwa Prius hukazwa kwa nyutoni mita 5.4 tu, na anayekaza kwa nguvu za mkono huvunja vishikizo vya moduli.

Kwa wanaopenda kujifungulia wenyewe nyumbani: volti 200 za mkondo mnyoofu zinaua. Gari lizimwe na ufunguo uwekwe mbali, betri ndogo itenganishwe na waya zake, plagi ya usalama yenye rangi ya chungwa ichomolewe kwa glavu za mpira zilizothibitishwa kuhimili volti 1,000, kisha kusubiriwe angalau dakika 10 ili umeme uliohifadhiwa ndani ya inveta, yaani kifaa kinachobadili umeme wa betri utumike kwenye mota, uishe. Hata baada ya hapo, ndani ya boksi la betri moduli bado zimeungana na bado zina umeme wake. Kuchomoa plagi huikata njia tu, hakuizimi betri. Asiyekuwa na mita na glavu asifungue.

Kimya Kimya

Langu ni fupi. Gari lilikataa kuwaka asubuhi, taa zote zikawaka kwa pamoja kama mti wa sikukuu, na nikaambiwa betri kubwa imekufa. Ilikuwa ile ndogo ya volti 12. Hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta na kuwasha swichi zinazoiunganisha betri kubwa na gari, kwa hiyo ikidhoofika, betri kubwa haiwezi kufanya lolote hata ikiwa nzima. Betri ndogo iliyo nzima, gari likiwa limezimwa na kutulia, husoma karibu na volti 12.6. Kipimo chenyewe ni cha dakika moja.

Mzee wa Barabara

Nampinga kidogo ndugu mwanzilishi. Betri mpya ni sahihi kwake kwa sababu anasafiri mbali. Mimi natumia gari kwenda karibu, gari lenyewe ni kuukuu, na bei ya betri mpya ingekaribia thamani ya gari zima. Nilichukua betri iliyotengenezwa upya, lakini sikuichukua kabla ya kuuliza mambo ambayo wauzaji wengi hawapendi kuulizwa: moduli zimetoka kwenye magari ya umri gani, zilipimwa kwa mzigo au kwa volti tu, na karatasi ya vipimo vya kila moduli iko wapi. Wa kwanza alikasirika, wa pili alinipa karatasi, nikanunua kwa wa pili. Najua sijanunua miaka kumi, na sikulipia miaka kumi.

Naomba kumuuliza fundi: kuna watu wanaosema inawezekana kuitoa betri kubwa na kuendesha gari kwa petroli tu. Ni kweli?

Fundi wa Volti

Mzee wangu, inategemea mfumo wa gari. Prius na magari yenye mfumo kama wake hayana stata ya kawaida, yaani mota ndogo ya kuwashia injini. Injini huzungushwa na mota inayolishwa na betri kubwa, kwa hiyo bila betri hiyo injini haiwaki kabisa. Honda za haibridi za zamani, kama Insight ya kwanza, mota yake huisaidia injini tu na zina stata ya volti 12, kwa hiyo zinaweza kuendelea kutembea betri kubwa ikiwa imedhoofika, ingawa zitakuwa nzito kwenye milima. Si mpango wa kudumu.

Na kwa wanaoegesha gari muda mrefu, betri hizi za nikeli hupoteza chaji zenyewe hata zisipotumika. Liwasheni gari kila baada ya wiki chache mliache katika gia ya P hadi injini iwake na kuchaji yenyewe. Msiliache katika N, hata kwenye foleni ndefu, kwa sababu katika gia hiyo jenereta haichaji betri hata kama injini inanguruma.