Manda Bay: kwa nini upelelezi unapewa kampuni?

Mkaa Shela: Wajuzi, shambulio la Al-Shabaab kwenye kambi ya kijeshi ya Manda Bay, Lamu, 5 Januari 2020, liliua Wamarekani 3: mwanajeshi 1 na wakandarasi 2, yaani wafanyakazi wa kampuni binafsi. Kazi ya serikali inafikaje kwa kampuni?

Bwana Mkunguni: Wakandarasi wale wawili walikuwa marubani wa ndege ya upelelezi, King Air 350. Kampuni huleta rubani na fundi walio tayari. Jeshi halisubiri kufundisha. Ubovu huanzia kwenye mkataba: ukilipa kwa saa za kuruka, utapata saa, si habari. Andika ubora wa picha, muda wa kuifikisha na mwenye data.

Bi Langoni: Na ruhusa za kompyuta, jamani! Edward Snowden alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Booz Allen Hamilton alipotoa siri za NSA, shirika la ujasusi la Marekani, 2013. Mkandarasi aone faili za kazi yake tu; akiondoka, akaunti ifungwe siku hiyohiyo.

Mkaa Shela: Ahsante Bi. Na uchambuzi wa habari zilizokusanywa?

Bwana Mkunguni: Huo ubaki kwa afisa wa serikali.