Tupeane uzoefu: waliowahi kubadili gasketi za pikapu nyumbani, Kigoma na Tabora

Mgungu Halisi

Wakuu, habari za jioni.

Nina Hilux ya dizeli, injini ya 3L. Inavuja oili pembeni ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, inadondokea kwenye manifoldi ya moshi, nikisimama sokoni Mwanga bonati inafuka mpaka wateja wanashusha mizigo yao. Hilo najua ni gasketi ya kava, kile kitu chembamba kinachoziba maungio yasivuje. Kinachoninyima usingizi ni maji. Kila asubuhi naongeza kidogo kwenye rejeta, na chini ya gari sioni hata tone.

Fundi mmoja anataka tufumue injini yote. Mwingine anasema anapaka silikoni tu na mambo yanaisha. Mimi nina uwanja wa zege nyumbani, boksi ya spana ya kueleweka na mdogo wangu wa kunishikia tochi. Naombeni mliowahi kuifanya kazi hii mniambie nini kinawezekana chini ya mwembe na nini lazima kiende kwenye karakana yenye mashine. Video za mtandaoni nimeangalia za kutosha, nataka yaliyowakuta nyinyi.

Kirikuu wa Kasulu

Kava ya tapeti usimlipe mtu, mkuu. Mimi ya kirikuu yangu nimebadilisha nikiwa nimevaa kandambili. Gasketi ya zamani utaikuta imekakamaa, ukiipinda inakatika. Itoe yote, safisha mfereji wake kwa kitambaa na petroli kidogo, mpya iingie kavu. Bolti zake ni ndogo, kaza zote kwa vidole kwanza, halafu spana fupi, unazungukazunguka kidogo kidogo. Wengi wanakaza kwa hasira wakidhani ndiyo itaziba, kava inapinda, inavuja kuliko mwanzo.

Kwenye hiyo 3L angalia vile vipande vya mpira vya nusu mwezi mwishoni mwa hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda. Watu wanabadili gasketi na kuviacha, wiki ijayo oili iko palepale na lawama kwa muuza spea.

Ya maji siyajui, nawaachia wakubwa.

Chumvi ya Uvinza

Mgungu, hayo maji yanayopotea bila kuonekana yalinianza hivyohivyo. Pikapu yangu inabeba chumvi, kwa hiyo kila kitu chini kina kutu na nilidhani ni bomba limetoboka mahali. Kumbe ni gasketi ya hedi.

Kabla hujafungua chochote, fanya hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa (nasema baridi, usije ukafungua kifuniko cha rejeta ya moto, utaungua uso), jaza maji mpaka mdomoni, acha wazi, mtu apige stata iwake. Yangu ilianza kutoa mapovu mfululizo hata kabla haijapata joto, na mapovu hayo yananuka moshi wa dizeli. Pia bonyeza bomba la juu la rejeta muda mfupi baada ya kuwasha. Likiwa gumu mapema hivyo, mgandamizo wa silinda unaingia kwenye maji.

Vuta na kijiti cha oili. Ikiwa imegeuka chai ya maziwa, usiendeshe tena, hata kwenda gereji, maana oili yenye maji inaua beringi za krenki. Ila utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake usikutishe, gari la safari fupifupi hupata unyevu pale.

Nilifumua mwenyewe nyumbani. Kilichonitesa ni stadi za manifoldi, kutu tupu. Nilizilowesha dizeli usiku kucha, asubuhi nazirudisha mbele na nyuma kidogokidogo mpaka zikaachia. Hedi nikaipakia kwenye basi, ikaenda kwenye mashine, ikaonekana imepinda. Ningefunga gasketi mpya juu ya hedi ile, ingeungua tena kabla ya msimu kuisha.

Bibi Mawese

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba.

Mimi sishiki spana, namiliki pikapu na nalipa mafundi. Gari langu linapakia mawese, linapanda Mwandiga kwenda Kalinzi. Mnaujua ule mlima: ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na kule juu ni karibu mara mbili yake, gari zima limejaa madumu.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa inavuja. Fundi akasema gasketi hakuna mjini, akapaka silikoni nene pande zote, kwa nje ikapendeza. Baada ya muda taa ya oili ikawaka katikati ya mlima. Kijana wangu ana akili, akazima palepale, likavutwa. Sampu ilipofunguliwa, chujio la pampu lilikuwa limezibwa na vipande vya silikoni vilivyomenyeka kwa ndani. Ile inayotokeza nje ndiyo unayoiona, na kiasi hichohicho kimetokeza ndani.

Siku hizi fundi ananikabidhi gasketi kuukuu mkononi ndipo namlipa. Hana ya kunionyesha, hana hela.

Kirikuu wa Kasulu

Dada, hiyo sheria naiiba leo 😂

Mzee wa Karakana, Tabora

Wanangu, mimi nimestaafu, niko Ng'ambo hapa na magari ya watu wawili watatu uani.

Kijana wa Uvinza amesema vizuri, lakini kuna jambo wanalolisahau wanaofumua nyumbani. Gasketi za hedi za dizeli hizi hazina unene mmoja. Za 2L na 3L zimegongwa herufi: B, D, au F. Herufi inatokana na pistoni inavyochomoza juu ya bloku ikifika juu kabisa. Angalia iliyotoka ina herufi gani, agiza ileile. Kama pistoni au bloku vimeguswa, pima upya. Kwa hiyo ukipiga simu Kariakoo ukasema tu "nitumie gasketi ya 3L", umecheza bahati nasibu, na basi kutoka Dar mpaka kwetu si karibu.

Kufungua bolti anzia pembeni kuja katikati, kwa awamu. Kufunga ni kinyume chake, katikati kwenda pembeni. Zipo 18. Paka uzi wake oili kidogo, kaza zote kwa spana ya kupimia nguvu mpaka nyutonimita 78. Halafu chukua rangi ya kucha ya mama watoto, weka nukta upande wa mbele wa kila bolti. Zungusha kila moja nyuzi 90 kwa mpangilio uleule, kisha 90 nyingine. Mwishoni nukta zote ziwe zimegeukia nyuma. Ambayo hukuifikisha utaiona kwa macho. Hakuna spana ya kupimia? Azima, usikisie.

Na kukwangua mabaki ya gasketi tumia wembe mpana au kibati, taratibu. Vijana wanapitisha grainda yenye msasa. Uso unapata mabonde, na vumbi lile linashuka kwenye njia za oili.

Asali Mbichi

Shikamoo mzee. Naongezea la themostati, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto. Hapa Tabora kila gari likichemsha ushauri wa kijiwe ni "toa themostati, nchi yetu ya joto". Nilitoa, likaendelea kuchemsha. Baadaye nikaelezwa kwamba baadhi ya injini za Toyota, themostati ikifunguka ndiyo hiyohiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta. Nimerudisha mpya, nikazibua rejeta, nikaacha maji ya kisima na kuweka kuleanti, maji maalumu ya kupozea injini. Imetulia.

Mgungu, ukibadili gasketi bila kujua kwa nini iliungua, utairudia.

Chumvi ya Uvinza

Kweli kabisa. Yangu ilikuwa rejeta imeziba kwa chini.

Bibi Mawese

Mzee, na zile habari za kurudi kukaza hedi baada ya kilomita mia tano? Fundi wangu anashikilia.

Mzee wa Karakana, Tabora

Mama, inategemea gasketi na injini. Za zamani nyingi zilihitaji. Hizi zinazokazwa kwa kuzungusha nyuzi 90 kama nilivyosema, ukishamaliza usiziguse, labda karatasi ya gasketi yenyewe iseme hivyo.

Mgungu Halisi

Nimefanya jaribio la asubuhi. Mapovu, tena mengi. Oili bado safi. Kwa hiyo hedi inatoka Jumamosi, kava napata bure humohumo. Spana ya kupimia nguvu nimepata Katubuka. Nani yuko karibu na Gungu ana rula ya chuma iliyonyooka na zile bapa nyembamba za kupimia nafasi? Nataka nijue hedi imepinda kiasi gani kabla sijaisafirisha. Na mzee, kuna ninachosahau?

Mzee wa Karakana, Tabora

Weka alama za mkanda wa taiming, ule unaozifanya valvu ziende sawa na pistoni, kabla hujaulegeza, pistoni namba moja ikiwa juu. Mwaga maji kwenye bloku kabla hujainua hedi, vinginevyo yatashuka kwenye silinda. Hedi hiyo nzito, nyanyueni wawili. Na ukifika kufunga, mashimo ya bolti kwenye bloku yakaushe kwa kitambaa na upepo mpaka chini. Oili au maji yakibaki humo, bolti ikishuka haina pa kuyapeleka, na bloku inaweza kupasuka.

Kirikuu wa Kasulu

Bapa za kupimia ninazo, na rula pia. Ijumaa nashuka Kigoma na mzigo wa maharage, nitakupitishia. Zirudi na mafuta ya kirikuu.