Bodi ya kuchonga au ya bati: kwa nini bunduki nyingine za kijeshi zinagharimu zaidi kiwandani?

FundiKerezo_Ujiji: Wakuu, jana kijiweni hapa Mwanga tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa anasema AK, ile bunduki ya Kirusi, ni rahisi kutengeneza kwa kuwa "ni bati tu", na FAL, bunduki ya Ubelgiji, ni ghali kwa kuwa ni ya Wazungu. Mimi nakula kwa mashine ya kukereza, hilo la pili nimelikataa. Wajuzi semeni. (Naulizia gharama za kiwandani. Mwenye kutaka kuunda gobore aende akaulize polisi.)

MjukuuWaMirambo: Jamaa yako kapatia nusu. AK ya 1949 ilianza na bodi (lile sanduku la katikati linaloshika mtutu na mitambo) ya bati kweli, ila nyingi zilitoka na kasoro zikatupwa. Warusi wakarudi kuchonga bodi kutoka pande zima la chuma: mashine hii, kisha ile, kisha ile, na sehemu kubwa ya chuma ulichonunua inaishia chini kama chenga. FAL nayo ilichongwa hivyohivyo. Mwaka 1959 ikaja AKM, bati la milimita 1 linapigwa presi, linakunjwa, linafungwa kwa ribiti, yaani vijiti vya chuma vinavyogongwa kichwa. Gharama ilishukia hapo.

BintiWaReli: Ribiti kama meli yetu Liemba! Ile ilijengwa Papenburg 1913, ikafunguliwa, ikaja kwa masanduku 5,000, ikapigwa ribiti upya hapahapa Kigoma. Haya, endeleeni.

FundiKerezo_Ujiji: 😂 Lakini mkuu, presi na kalibu zake za kulipa bati umbo si mchezo. Oda ya bunduki mia mbili, mimi nachonga. Kalibu haitarudisha hela yake.

MjukuuWaMirambo: Umesema. Ndiyo maana bati ni la mwenye jeshi kubwa la kuvisha silaha. Wajerumani nao 1959 walichukua bunduki ya G3, bati la presi na kuchomelea. M16 ya Wamarekani ni habari nyingine, bodi ya aluminiamu, maana ArmaLite walioibuni walikuwa tawi la Fairchild, watu wa kutengeneza ndege. Aluminiamu ni ghali kuliko chuma, ila inachongeka haraka.

MzeeWaStesheni_Tabora: Vijana, mmeng'ang'ania bodi, mtutu mmeuacha. Bodi ni sanduku tu. Mtutu utobolewe unyooke, uchongwe mifereji ya kuzungusha risasi ndani, kisha upigwe kromu ya kuzuia kutu, na kromu ni pesa. M16 za mwanzo kule Vietnam zilikosa kromu kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Unyevu wa msituni, kutu, baruti nayo ilikuwa imebadilishwa. Ganda linanasa, askari anachokonoa kwa fimbo ya kusafishia huku anapigwa risasi. Kromu ikaja wameshakufa watu. AK ilikuwa nayo.

FundiKerezo_Ujiji: Shikamoo mzee. Kwa hiyo ile ya "bati tu" ndani yake ina kitu ambacho ya ghali ilinyimwa?

MzeeWaStesheni_Tabora: Marahaba. Ndiyo hivyo.

FundiKerezo_Ujiji: Basi jioni narudi kijiweni. Kahawa analipa yeye.