Tupeane uzoefu: Star Trek ilikunasa ukiwa wapi, na ni ipi?

Mwana wa Baharia
Wakuu, salaam. Leo tuweke kando Simba na Yanga. Juzi usiku nilikuwa naangalia Strange New Worlds, moja ya zile tamthilia za Kimarekani za Star Trek, za watu wanaosafiri na meli za angani, na kijana wangu wa miaka 11. Yule binti wa mawasiliano, ambaye humo ni Mkenya mwenye lugha 37 kichwani, likatajwa jina lake lote: Nyota Uhura. Mtoto akasimamisha picha. "Baba, hawa Wamarekani wanajua kwamba wamemwita nyota?"

Nikaona nianzishe uzi. Kila mtu aseme alianzia wapi, kwa tamthilia ipi kati ya zile zote, na nini kilimshika.

Naanza. Bara hatukuwa na televisheni ya kwetu hadi 1994, ila Temeke jirani alikuwa na deki. Baba alikuwa baharia, akirudi analeta kanda za VHS zisizo na jalada wala maelezo. Moja ilikuwa na episodi tatu za ile ya kwanza kabisa, ya 1966. Picha inatetemeka, Kiingereza changu cha darasa la tano. Niliambulia rangi za mashati, yule mwenye masikio ya sungura, na dada mweusi aliyeketi na kidude sikioni wanamwita Uhura. Nikakimbia kumwambia bibi. Akasema, "Wamekosea herufi ya mwisho."

Kumbe hawakukosea. Mwigizaji mwenyewe, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa ameshika riwaya iitwayo Uhuru. Gene Roddenberry, mwenye tamthilia, akalipenda neno, likalainishwa mwishoni. Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitatu tangu ipandishe bendera yake.

Msimamo wangu: anayeanza leo aanze na Deep Space Nine, ile ya kituo cha angani. Karibuni mnipinge.

Fundi Flashi
Mkuu mimi najaza watu movi hapa Mwanza. Mteja akisema Star Trek, nilikuwa nampa Star Wars, maana zote si nyota tu? Walinirudishia flashi kwa matusi. Nafuatilia uzi, nijifunze.

Mswahili Doha
Voyager, na sibishani na mtu.

Mwaka wangu wa kwanza huku niliishi chumba kimoja na wasichana watatu, Mganda mmoja na Wafilipino wawili. Mkataba miaka miwili, simu kwa mama Kilifi ni Ijumaa peke yake. Mfilipino mmoja alikuwa nayo kwenye kompyuta yake. Episodi ya kwanza tu, meli inatupwa upande mwingine wa galaksi, miaka-nuru 70,000 kutoka nyumbani. Hata wakienda mbio zote ni safari ya miaka 75. Nahodha Janeway anaangalia watu wake, anasema basi, tushike njia ya nyumbani. Nililia mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa.

Tulibandika kalenda mlangoni. Kila tukikata siku, yule Mganda anasema, "Imebaki miaka sabini na nne."

Mwalimu Mstaafu
Vijana, mmeruka jambo. Kiswahili hakikuanza na hizi za juzi. Episodi ya kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, ina jini anayenyonya chumvi za watu mwilini. Anajigeuza mwanamume mzuri aliyetoka katika mawazo ya Uhura, kisha anamsemesha Kiswahili. Inabidi usikilize mara tatu ndipo ukitambue, matamshi yanachechemea, lakini ni chetu.

Mwaka uliofuata kuna mashine inayomfuta Uhura kumbukumbu. Anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea, akikwama anarukia Kiswahili, na nesi anamrudisha kwenye Kiingereza. Nimefundisha miaka 30. Nimeona watoto wakivishwa kibao shingoni kwa kosa hilo hilo.

Mama Kanga
@Mwalimu Mstaafu umenigusa mwalimu wangu, ila langu ni la kucheka.

Mimi ni wa Mji wa Kale, Mombasa, nimeolewa Toronto. Mume wangu kazaliwa huku, Kiswahili chake ni cha kuombea chai. Mwaka tuliokwenda nyumbani, jirani mmoja alikuwa amenisema sana mtaani. Mama hakujibu neno. Asubuhi kajifunga kanga, kaenda kukaa barazani, basi. Kanga imeandikwa: Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Mtaa wote kimya. Mume wangu akaisoma herufi kwa herufi, akafasiri kila neno sawasawa, akaniuliza, "Sasa simba yuko wapi?"

Tuliporudi nikamkalisha kitako nikamwekea Darmok, episodi ya 1991 ya tamthilia ya Next Generation. Nahodha Picard anakutana na Watamaria, watu ambao mashine ya kutafsiri inawapatia maneno yao yote na hakuna anayeelewa kitu. Wanasema, "Darmok na Jalad kule Tanagra." Wanasema, "Shaka, kuta zilipoanguka." Kila sentensi yao inataja kisa, na usipokijua kisa umepotea. Nahodha wao anamchukua Picard hadi sayari tupu, anamrushia jambia. Picard anadhani anaitwa kwenye ugomvi, kumbe mwenzake anataka wapigane na dubwana moja bega kwa bega, kisa kile cha Darmok kiwe chao wawili. Yule mgeni anakufa kabla ya kukucha. Kabla hajakata roho Picard anamsimulia Gilgamesh, shujaa wa hadithi ya kale ya dunia yetu, kisa kwa kisa.

Mume wangu akanyamaza. Halafu: "Mama yako ni Mtamaria." Tangu siku hiyo mambo yakiharibika jikoni, chapati zikiungua, husikii neno jingine kwake ila "Shaka, kuta zilipoanguka". Mama amelipenda, naye analisema kwenye simu. Hajaiona episodi hata robo.

Kaskazi
Next Generation ni nzuri lakini msimu wa kwanza ni uji bila sukari. Na ile teknolojia ya kuyeyusha watu na kuwatokeza kwingine, mnajua ilibuniwa kwa sababu ya ufukara? Kutengeneza picha za meli ikitua kila wiki kungekula bajeti. Mimi nilianza na Discovery, mnicheke tu.

Mswahili Doha
@Mwana wa Baharia hujasema kwa nini Deep Space Nine. Meli yenyewe haiendi popote! Wamekaa kituoni kama stendi ya Mombasa.

Mwana wa Baharia
Ndiyo maana naipenda, watu wanakaa na wanajuana. Sisko ni nahodha na ni baba anayempikia mwanawe, na nyumbani kwake kuna sanaa ya kale ya Kiafrika.

Ila nikuambie ukweli. Kuna episodi ya 1995, The Visitor. Baba anapotea kwenye ajali, hafi, amenasa mahali nje ya wakati. Kila baada ya miaka anatokea mbele ya mwanawe kwa dakika chache, halafu anavutwa tena. Mtoto anazeeka, baba yuko vilevile. Mzee wangu alikuwa anakaa baharini miezi tisa, kumi. Akirudi ananipima urefu ukutani, anaweka alama, anaondoka. Ile nyumba ya Temeke tuliiuza. Sikuwahi kuimaliza hiyo episodi mbele ya watu.

Mama Kanga
Pole, kaka.

Fundi Flashi
Poleni wakuu. Nimeandika: Next Generation, Deep Space Nine na Voyager, zote misimu saba saba. Mkuu wa Temeke, flashi ya giga 32 haikutoshi, lete diski. Na hiyo ya baba na mtoto iko msimu wa ngapi, niiweke ya kwanza?

Mwana wa Baharia
Wa nne. Usiiweke ya kwanza, nitaangalia na kijana tukifika.