Tupeane uzoefu: chachu yako ya mkate ilikufaje?

Mama Tosti
Wadau, habari za leo. Jana nimemwaga chachu ya tatu tangu Januari. Siku ya pili ilijaa mapovu mpaka ikasukuma kifuniko, nikamwita jirani aje aone. Siku ya nne kimya, kama imemeza jiwe. Naongelea ile ya unga na maji tu, bila hamira ya dukani. Mlioweza mlifanyaje? Na mlioshindwa njooni tulie pamoja.

Kaka Mizani
Hukuwa na haja ya kuimwaga. Yale mapovu ya siku ya pili ni ya bakteria wa mwanzo tu, wanafanya fujo unga ukiwa bado haujachachuka. Uchachu ukipanda wanakufa, ndipo unapoona kimya. Wale wa kuumua mkate wanakuja nyuma yao taratibu: siku ya tano, ya saba, kwingine hata wiki mbili. Umezika mtu aliyelala.

Mama Tosti
Kwa hiyo nimezika watatu wazima?

Shoga wa Likoni
Pole dadangu. Mimi wanne.

Baridi ya Njombe
Nyie wa joto mnalalamika nini. Huku mwezi wa saba maji ya kunawa tu yanauma. Nilikaa siku 9 sioni hata povu moja, nikaisogeza karibu na jiko la mkaa ipate joto kidogo, nikaenda kukamua ng'ombe. Nimerudi nanusa uji. Imeiva! Pembeni imeshikana kama ugali, katikati vuguvugu. Siku hizi naifunga kanga mbili, naiweka ndani ya hotpoti tupu. Hapo inaamka.

Kaka Mizani
Dar ni kinyume chake. Ukilisha, yaani ukiiongezea unga na maji mapya, kila kimoja uzito sawa na chachu, ndani ya saa nne tu imeshapanda na kushuka, asubuhi unaikuta ina njaa. Chukua chachu gramu 10, unga 50, maji 50. Na tumia mizani, achaneni na vikombe.

Bibi wa Mkoani
Mizani ya nini? Macho yapo.

Kijana wa Muscat
Sisi huku mwezi wa sita jikoni bila AC, kinyunya kimefurika bakuli ndani ya saa tatu. Nakandia maji ya barafu.

Shoga wa Likoni
Wanne wangu wote niliwaua na unga. Nilinunua ule wa keki wenye poda ya kuumulia tayari ndani, sikusoma pakiti. Kila nikilisha ilifura dakika ileile, nikajua nimebarikiwa. Kumbe ni poda, chachu haipo kabisa. Nimekuja kufaulu na unga wa atta, ule wenye pumba.

Bibi wa Mkoani
Haya mnayohangaika nayo wenzenu waliyamaliza zamani. Marehemu bibi yangu, Pemba, vitumbua vyake aliumua kwa tembo la mnazi. Hamira ya kopo tumeiona ukubwani.

Abuu Twalib
Astaghafirullah. Tembo ni pombe, bibi.

Bibi wa Mkoani
La asubuhi bado tamu, mwanangu.

Abuu Twalib
Kama lingekuwa tamu tupu lisingeumua kitu. Linaanza kuchacha tangu liko kwenye kibuyu juu ya mnazi.

Bibi wa Mkoani
Na hayo maji meusi yanayoelea juu ya makopo yenu ni juisi?

Mama Tosti
Jamani, tusifike huko.

Kaka Mizani
Bibi hajakosea, yale maji yana kileo ndani yake. Ni dalili kwamba chachu ina njaa, haijaharibika. Mimi huyamwaga kisha nalisha.

Baridi ya Njombe
Mimi nayakoroga humohumo, mkate unapata ukali mzuri. Ila ukiona rangi ya waridi au ya chungwa, usibembeleze. Tupa, osha kopo kwa maji ya moto.

Mwali wa Tabata
Yangu haikufa, iliuawa. Nusura iondoke na ndoa.

Mume wangu tumwite Hamisi. Chachu niliipa jina lake kwa utani, maana wote wawili wakichelewa kula hawasemeki. Nilikuwa naiweka kwenye kopo la kioo, nyuma ya kabati la vyombo kusikopigwa na jua, nimeifunika kitambaa cheupe na kukifunga kwa raba. Ubavuni nikabandika karatasi, kalamu nyekundu: HAMISI. AMELISHWA JUMATANO USIKU.

Wengine mmeshaanza kuelewa.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga. Mimi niko kazini, yeye anatafuta sahani, akakutana na kopo. Ndani kitu cheupe kinatoa mapovu, juu maji ya kijivu, harufu kama siki. Jina la mwanawe. Na hilo neno "amelishwa". Hakupiga kelele. Alimpigia shangazi mtu, shangazi akampigia baba mdogo. Narudi saa kumi na moja jioni nakuta viatu vimejaa mlangoni, kopo liko katikati ya mkeka, ubani unafuka.

Mama mkwe akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu umemtia kwenye chupa tangu lini?"

Nikasema, tangu 2021, mama.

Jamani, nilidhani anaulizia chachu!

Mume akaingia, akasoma jina lake, akaenda kukaa upande wa mama yake. Hilo linaniuma kuliko kopo. Nikaeleza unga, maji, bakteria. Baba mdogo akauliza, kama ni mkate tu, mbona kimefichwa? Nikajibu, jua. Akauliza, na jina je? Hapo sikuwa na la kusema. Kopo likaenda kumwagwa chooni, na chumvi ya mawe juu yake.

Bahati nilikuwa na akiba. Chachu unaipaka nyembamba kwenye karatasi ya kuokea, inakauka kivulini, unaivunjavunja. Ilikuwa kwenye bahasha ndani ya begi langu, na siku ile sikuthubutu kuitaja. Unga mkavu kwenye bahasha ningeuelezaje pale? Mama mkwe alipoondoka nikairoweka kwa maji ya vuguvugu, nikailisha, siku ya nne ikapanda. Mkate wa kwanza nilimtumia Tanga kwa basi. Hajasema kama aliula.

Shoga wa Likoni
Nimecheka mtoto ameamka. "Tangu 2021, mama"!!

Kijana wa Muscat
Mtu wa Tanga akiona limbwata anajua, msibishane naye.

Abuu Twalib
Hadithi ya kutunga hii. Nani anaandika jina la mumewe kwenye kopo?

Mwali wa Tabata
Njoo Tabata nikuonyeshe karatasi. Ninayo.

Bibi wa Mkoani
Na huyo Hamisi aliomba radhi?

Mwali wa Tabata
Alinunua friji.

Kaka Mizani
Friji ni jambo jema, ukiiweka humo unalisha mara moja tu kwa wiki.

Mama Tosti
Basi turudi kwenye mkate. Nikishapata chachu, naokaje? Oveni yangu, umeme wa Luku ukikata ndiyo basi.

Baridi ya Njombe
Mimi ilikata mkate una dakika 15 ndani. Nikauhamishia kwenye sufuria zito lenye mfuniko, mkaa juu na chini kama keki za mama. Ganda halikupasuka vizuri ila tuliula wote.

Kaka Mizani
Unga gramu 500, maji 340, chachu iliyopanda 100, chumvi 10. Oveni kali ya nyuzi 230, dakika 20 ukiwa umefunikwa, 20 bila mfuniko. Ukitoa, usikate mpaka ipite saa moja nzima.

Shoga wa Likoni
Saa moja? Na siagi ishatolewa mezani?

Mama Tosti
Nimeanza ya nne usiku huu. Atta gramu 50, maji 50 yaliyochemshwa yakapoa. Ipo mezani kweupe, kila mtu anaiona. Haina jina.